Kiraka cha nne: kisa cha slabu ya daraja la hori, kusini mwa Tanga

Nilipoitwa kulitazama daraja hili la hori, yaani mkono mwembamba wa bahari ulioingia nchi kavu, lilikuwa limeshatiwa viraka mara tatu. Kila mara shimo lilizibwa, magari yakapita, masika mawili matatu yakapita, kisha shimo jingine likafunguka. Si pale pale palipozibwa, bali hatua moja pembeni. Dereva wa Kosta ya Pangani aliniambia viraka vile ni kama msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Nilicheka. Lakini nilipochuchumaa na nyundo yangu niliona amekosea kidogo: viraka havikuwa vimeondoka popote. Vilikuwa vigumu, ukivigonga vinaita. Kilichoondoka ni zege la jirani.

Daraja lenyewe silitaji jina, wala ofisi iliyokuwa ikilisimamia. Ni dogo: mita 24, spani tatu, yaani vipande kati ya egemeo na egemeo, za mita 8 kila moja, slabu nzito ya zege iliyolalia nguzo mbili zilizosimama kwenye tope la mikoko. Njia ya magari ni mita 6. Maji yakipwa unaweza kupita chini yake kwa miguu, ukikubali kupoteza kandambili. Bamvua likijaa, maji hubaki kama mita moja kutoka tumbo la slabu, yaani upande wake wa chini, na kusi ikivuma mawimbi madogo hugonga nguzo na kurusha matone juu. Tumbo hilo halipati mvua ya kulisuuza hata siku moja kwa mwaka. Chumvi ikifika pale, imefika.

Juu nako kuna chumvi yake. Katika nchi za baridi madaraja mengi yaliharibika kwa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Marekani walianza kuona slabu zao zikipasuka kwa wingi katika miaka ya 1960 na 1970. Sisi hatumwagi. Yetu huja kwa miguu yake: Fuso zinazotoka mashamba ya chumvi zikiwa na magunia yanayochuruzika, pikapu za samaki zenye maji ya barafu yanayotiririka nyuma, na upepo wa bahari usiochoka.

Kofia na kichwa

Siku ya kwanza nilikwenda na fundi mkuu na vijana wawili. Chini ya mkungu, upande wa kusini, alikuwepo mzee mmoja akishona wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mmekuja kuziba tena?"

"Leo tumekuja kutazama tu, mzee."

"Basi shukeni chini. Huko juu mnatazama kofia."

Tukashuka. Kweli, kule juu mtu angeona mashimo manne na lami iliyochoka. Chini, zege lilikuwa limebanduka vipande vya ukubwa wa sinia, nondo ziko wazi, nyingine zimeliwa hadi zimebaki kama mswaki wa mti. Palipobanduka tuliona pia namna slabu ilivyojengwa. Nondo zinatakiwa kuinuliwa kutoka kwenye fomu, zile mbao zinazoshikilia zege bichi, kwa vile vijiwe vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, ili zege lizifunike vya kutosha. Hapa walikuwa wametumia vipande vya tofali na kokoto yoyote iliyokuwa karibu. Baadhi vilianguka wakati wa kumimina, nondo zikashuka. Kipimo cha kutafuta nondo kilituonyesha sehemu zenye kifuniko cha milimita 40, na hatua mbili mbele milimita 15. Kando ya bahari wasanifu hutaka 50 au zaidi.

Mzee alitupa jambo jingine, bila kuulizwa. Alisema spani ya upande wake, ya kusini, ilimwagwa mwisho. Mvua ilikuwa imekata njia ya lori, mchanga wa mto ukaisha, na vibarua wakawa wanaleta mchanga kwa toroli "kutoka pale". Akaonyesha kwa kidevu. Pale ni ufukweni.

Niliandika maneno hayo kwenye daftari na kuyawekea alama ya kuuliza. Kumbukumbu ya mtu si kipimo. Lakini ndiyo iliyonifanya niombe sampuli za spani ya tatu mara mbili ya zile za spani nyingine, na bila sampuli hizo tungefanya kosa kubwa.

Nondo hufaje ndani ya zege

Nieleze hapa kidogo, maana kisa kizima kinaning'inia hapa. Zege zima lina ukali wa alkali ndani yake, na katika ukali huo nondo hujivika ngozi nyembamba isiyoonekana ambayo huzuia kutu. Mambo mawili huivua ngozi hiyo. La kwanza ni hewa: kaboni dayoksaidi huingia polepole, ikapunguza ule ukali. La pili ni kloridi ya chumvi, ambayo haihitaji kupunguza ukali wowote. Ikifika kwenye nondo kwa kiasi cha kutosha, huitoboa ngozi hapa na pale, na kutu huanza kwa vishimo. Kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa. Zege halijui kuvutwa, basi hupasuka.

Kutu hii ni kazi ya umeme. Sehemu ya nondo inayoliwa huitwa anodi, na sehemu ya jirani, ileile nondo, hufanya kazi ya kathodi na haili kutu. Yaani palipo pabovu panapalinda pazima. Panajitoa kafara.

Sasa njoo na kiraka. Unachimba pale palipo pabovu, unasafisha nondo, unajaza zege jipya lisilo na chumvi. Umeondoa kafara. Jirani yake, ambaye naye alikuwa ameshanywa chumvi lakini akilindwa, sasa amebaki peke yake karibu na nondo safi iliyo tayari kuwa kathodi. Anaanza kuliwa, tena kwa kasi. Baada ya muda unaona duara la ufa kuzunguka kiraka chako. Ndivyo viraka vitatu vya daraja hili vilivyokuwa vimepanuka kama mviringo wa maji ulioachwa na jiwe. Fundi aliyevitia hakuwa mzembe. Kazi yake ilikuwa nzuri, na uzuri huo ndio uliomharibia jirani.

Vipimo

Tulianza na nyundo na mnyororo. Mnyororo huburutwa juu ya slabu, na pale ambapo zege limeachana ndani, sauti hubadilika, inakuwa ya debe tupu. Kijana mmoja anaburuta, mwingine anachora kwa chaki. Ni kazi ya bei rahisi na inafaa sana, ila ni lazima lami iondolewe kwanza. Hapo ndipo tulipogundua kwamba lami ilikuwa tabaka juu ya tabaka, sentimita 12 kwa jumla. Piga hesabu: mita 24 kwa 6 kwa 0.12, ni zaidi ya mita za ujazo 17, karibu tani 40 za lami zilizokuwa zimekaa juu ya daraja mchana na usiku. Kila aliyekuja kurekebisha aliongeza yake, na hakuna aliyebandua ya mwenzake. Midomo ya mabomba ya kutolea maji ilikuwa imezikwa chini ya tabaka la pili.

Kisha tukapulizia fenofthalini kwenye zege lililovunjwa upya. Likigeuka rangi ya waridi iliyokolea, alkali bado ipo. Liligeuka karibu lote, isipokuwa milimita chache za juu. Kwa hiyo kaboni dayoksaidi tukaifutia kesi.

Kipimo cha tatu ndicho watu hupenda kukiruka, cha volteji ya nondo. Unaunganisha waya kwenye nondo moja, upande wa pili una chupa yenye fimbo ya shaba ndani ya salfeti ya shaba, unaigusisha slabu iliyolowa kwa sifongo, unasoma milivolti kila nusu mita. Kwa mazoea ya kipimo hicho, ukipata chini ya hasi 350, uwezekano kwamba nondo inaliwa unazidi asilimia 90. Ukipata kati ya sifuri na hasi 200, uwezekano kwamba ni salama nao unazidi 90. Katikati, huna jibu. Nyundo hukuonyesha lililokwisha kufa. Volteji hukuonyesha linaloumwa. Ramani yetu ilikuwa na maeneo mekundu mapana kuliko chaki zote za nyundo, na mengi yalikumbatia vile viraka vya zamani kama pete.

Tahadhari moja: karibu na nguzo tulipata namba mbaya kupita kiasi, na kijana wangu akaanza kutaka kuvunja kila kitu. Zege lililolowa muda wote hukosa oksijeni, na volteji hushuka sana hata kama kutu haiendi popote. Pale tulivunja dirisha dogo tutazame kwa macho. Nondo ilikuwa nyeusi kidogo, nzima.

Mwisho ni vumbi. Unatoboa kwa drili, unakusanya unga kwa tabaka: milimita 0 hadi 15, 15 hadi 30, na kuendelea hadi 75, kila tabaka kwenye mfuko wake, unapeleka maabara kupimwa kloridi. Yaliporudi majibu kutoka Dar es Salaam, tulikaa kikao, na hapo nikaona kosa ambalo nimeliona mara nyingi.

Jibu la spani ya tatu lilisoma 0.09. Mjumbe mmoja akasema, "Si chini ya 0.4? Basi tuko salama." Hapana. Ile 0.4 ni asilimia ya uzito wa saruji, nayo ndiyo alama ya tahadhari inayotumiwa mara nyingi. Maabara ilikuwa imeripoti asilimia ya uzito wa zege lote. Saruji ni kama fungu moja kati ya saba ya zege la kawaida. 0.09 mara 7 ni 0.63. Kikao kilinyamaza kidogo. Ripoti ya maabara isiyosema ni asilimia ya nini ni sawa na bei isiyosema ni ya kilo au ya gunia.

Kilichonitoa usingizi hata hivyo hakikuwa ile 0.63 yenyewe. Katika spani ya kwanza na ya pili, kloridi ilikuwa nyingi kwenye ngozi ya zege, zaidi ya 1 kwenye tumbo, kisha ikashuka kadiri unavyoingia ndani, hadi kufikia karibu 0.1 kwenye milimita 60. Huo ni mwendo wa mgeni anayeingia kutoka nje. Spani ya tatu ilikuwa na 0.6 na kitu kwenye milimita 10, 0.6 na kitu kwenye 40, na hivyo hivyo kwenye 70. Haishuki. Chumvi ya namna hiyo haikuingia baadaye. Ilipikwa pamoja na zege. Yule mzee na kidevu chake walikuwa sahihi.

Mabishano

Kwa hiyo slabu moja ilikuwa na magonjwa mawili. Kwa spani mbili za kwanza, adui yuko nje na amefika nondo pale tu ambapo kifuniko ni chembamba. Unaweza kumkata, kuziba njia, na kuendelea. Kwa spani ya tatu hakuna pa kukata: kila kiraka kitakuwa na jirani mwenye chumvi, hadi umalize spani nzima kwa viraka. Nilipendekeza spani ya tatu ivunjwe imwagwe upya, na mbili zitengenezwe.

Upinzani ulikuja kutoka pande mbili. Wa kwanza walitaka kiraka cha nne kwa sababu fedha za mwaka zilikuwa zinabana, na kwa kweli siwalaumu. Anayesaini malipo haoni milivolti, anaona shimo na bei ya kuziba shimo. Wa pili walitaka kubomoa slabu zote tatu wamalize. Hao nao walikuwa na hoja, ila kubomoa zege lenye kloridi 0.1 tu kule ndani kwa sababu jirani yake ana 0.6 ni kama kuchinja mbuzi watatu kwa ugonjwa wa mmoja.

Kijana aliyesoma vizuri aliuliza kuhusu kupitisha umeme kwenye nondo, kuzifanya zote kathodi ili pasiwe na inayoliwa. Si ndoto. Mtu aliyeanzisha jambo hilo kwenye slabu za madaraja ni Richard Stratfull, katika daraja la Sly Park, California, mwaka 1973, na ni njia iliyothibitika kusimamisha kutu hata katika zege lililojaa chumvi. Lakini inataka umeme usiokatika, na mtu wa kusoma mita miaka yote. Pale horini hakuna nguzo ya umeme kwa kilomita kadhaa. Mtu akasema tuweke sola. Sola pale, bila mlinzi, ingelala usiku mmoja.

Tulikubaliana na pendekezo langu, pamoja na jambo moja la kati: katika spani mbili za kutengenezwa, kila kiraka kiwekewe vipande vya zinki kwenye kingo zake. Vipande hivi, vilivyoanza kuuzwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1990, hufungwa kwa waya kwenye nondo ndani ya kiraka. Zinki huliwa badala ya chuma. Yaani unarudisha kafara uliyoiondoa, safari hii kwa hiari. Haidumu milele, wauzaji husema miaka 10 hadi 20, na katika joto na chumvi yetu mimi napanga kwa namba ndogo.

Kazi

Tulianza Januari, vuli imeisha na masika bado. Nusu ya upana ilifungwa, nusu ikapitisha magari kwa zamu, kijana mwenye bendera kila upande. Akina mama wa dagaa walilalamika siku tatu za kwanza, wakazoea, kisha wakaanza kuuza chai na mihogo kwenye foleni.

Kwanza egemeo. Huwezi kuchimbua nyuma ya nondo za chini za slabu huku Fuso inapita, bila kuishika kwanza. Mtu alishauri mirunda ya mikoko, iko pale pale na babu zetu walijengea boriti za nyumba. Kuikata kunataka kibali, na hata kingekuwepo, ni mikoko hiyo hiyo inayozuia ukingo wa hori usiliwe. Tulileta mikaratusi na jeki za chuma, tukazilaza juu ya mbao pana ili zisizame kwenye tope. Kila asubuhi, kabla ya kazi, fundi alizikaza upya, kwa sababu maji ya usiku yalizilegeza.

Kuvunja. Kingo za kila eneo zilikatwa kwa grainda wima, sentimita moja na nusu hivi, bila kuacha ukingo mwembamba kama chapati, kwa sababu ukingo wa namna hiyo hubanduka wa kwanza. Jakihama ndogo tu. Ile kubwa inafanya kazi haraka na inaacha nyufa ndogo kwenye zege zima lililobaki, usizoziona hadi kiraka kibanduke na ngozi yake. Tulichimba hadi nyuma ya nondo, milimita 25, vidole vipite. Watu wengi huishia nusu ya nondo, sehemu ya mbele inang'aa na ya nyuma imekaa kwenye chumvi ileile. Mipaka ya kuvunja ilifuata ramani ya volteji na vumbi, sio chaki ya nyundo. Ndiyo maana kiasi cha zege lililovunjwa kilimshtua msimamizi: karibu mara mbili ya alichotegemea. Hapo ndipo tofauti kati ya kiraka cha nne na kazi hii ilipokuwa, na hapo ndipo fedha zilipokwenda.

Nondo zilisafishwa kwa brashi ya waya kisha kwa maji ya presha, kwa sababu brashi haifiki ndani ya vishimo vya kloridi. Zilizopungua sana tulifungia nondo mpya kando yake. Na maji hayo ya presha yananikumbusha boza.

Boza la kwanza lilikuja saa mbili asubuhi. Nilichukua maji kwa kiganja, nikaonja. Yalikuwa na chumvi kwa mbali, ile ambayo ukinywea chai hutaiona. Dereva akaapa ni ya kisima safi. Nikadondoshea tone la nitrati ya fedha kwenye glasi; likageuka jeupe kama maziwa. Kisima kilikuwa safi kweli, ila kiko mita chache kutoka ufukweni. Boza likarudi, na kuanzia siku hiyo kila boza lilipimwa kwa tone moja kabla ya kufungua koki. Nadhani hivyo ndivyo ile spani ya tatu ilivyopata ugonjwa wake: sio kwa ubaya wa mtu, ila kwa mtu aliyekuwa na haraka na hakuonja.

Mchanga ulitoka mtoni, kokoto bara, saruji ya kundi la nguvu la 42.5 pamoja na unga wa silika ili kuziba vitundu, na maji yasiyozidi 0.40 ya uzito wa saruji. Zege la namna hiyo ni zito kama ugali wa mtama, ndiyo maana kuna dawa ya kulilainisha. Niliwakatalia vijana ndoo ya maji ya "kulirahisisha" mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Biskuti tulizifinyanga wenyewe kwa zege lilelile, milimita 50. Matumbo ya spani mbili za kwanza tuliyafungia fomu kwa chini na kumimina zege laini la kutiririka kupitia matundu yaliyotobolewa juu, katika wiki ya maji mafu, bahari isipojaa sana, ili mawimbi yasifike kwenye fomu kabla zege halijashika.

Kosa langu lilikuwa kwenye ukanda wa kwanza wa spani ya tatu. Tulipanga kumimina alfajiri. Mikisa ikaharibika, tukaanza saa tatu, na sikuwa na ujasiri wa kuahirisha huku watu arobaini wamesimama. Kaskazi ilikuwa kavu siku hiyo. Uso wa zege ulikauka haraka kuliko maji yalivyopanda kutoka ndani, na kufikia saa sita kulikuwa na nyufa nyembamba, fupifupi, zinazokwenda sambamba kama mikwaruzo ya paka. Maji yakipaa zaidi ya kilo moja kwa mita ya mraba kwa saa, nyufa hizo hutarajiwa. Nilijua hivyo kabla hatujaanza. Tulizijaza baadaye kwa epoksi nyembamba, na ukanda uliofuata tuliumimina saa kumi za usiku kwa taa za jenereta. Baada ya hapo magunia ya katani yaliyolowa yalilala juu ya zege siku saba, yakimwagiwa asubuhi, mchana na jioni, na mlinzi akiambiwa kwamba gunia likikauka ni yeye amelala. Mkonge wa Tanga haujaisha kazi.

Magari mazito tuliyasimamisha saa chache kila baada ya kumimina, na mengine yote yakapita mwendo wa miguu, ili mtetemo usitenganishe zege bichi na nondo.

Maji yaende wapi

Juu ya slabu zote tatu tuliweka mwinuko wa katikati, asilimia 2.5, kisha utando wa kuzuia maji, kisha lami mpya ya sentimita 5 na isiyozidi hapo. Niliandika kwenye ripoti, kwa herufi kubwa, kwamba atakayekuja kuongeza lami abandue hii kwanza. Sijui kama kuna atakayeisoma.

Mabomba ya kutolea maji yalirefushwa sentimita 15 chini ya tumbo, kwa sababu ya zamani yaliishia sawasawa na slabu na maji yalikuwa yakirudi kulamba zege. Ukingo wa chini ukakatwa mfereji mdogo ili tone likifika pale lidondoke. Mambo haya mawili hayakugharimu hata sehemu ya mia ya kazi yote, na kama mtu angeyafanya siku ya kwanza, spani mbili zisingehitaji kuguswa mapema hivyo.

Tumbo na pande zilipakwa sileni, dawa inayoingia milimita chache ndani na kulifanya zege likatae maji huku likiacha mvuke utoke. Hapa kuna biashara nyingi ya uongo. Sileni haizibi ufa, na haitoi chumvi iliyokwisha kuingia. Ukiipaka kwenye zege lililolowa, haiingii. Inakaa juu na kukauka na jua. Tulisubiri siku tano bila mvua, na maji mafu tena, ndipo tukapaka. Kwenye spani ya tatu iliyokuwa mpya nilisita kidogo kuipaka mapema, nikasubiri wiki nne.

Masika ya kwanza yalipita bila shimo. Ya pili nilikwenda mwenyewe, maji yamepwa, na chupa yangu ya shaba. Spani ya tatu inasoma vizuri. Ya kwanza, viraka vyote vinasoma vizuri na kingo zake pia, zinki inaliwa. Kwenye spani ya pili, mita moja hivi kutoka kwenye jointi, pale spani mbili zinapokutana, kuna alama ya kutu ya ukubwa wa sahani ya kikombe, mahali ambapo volteji zamani ilikuwa hasi 280 na hatukuvunja kwa sababu ilikuwa katikati, haina jibu. Sasa ni hasi 340. Mpira wa jointi juu yake umechanika, na maji yanashuka pale pale.

Nimeizungushia chaki na kuandika tarehe. Mzee wa wavu alikuwa chini ya mkungu wake.

"Mmeona?" akaniuliza.

"Nimeona, mzee."

"Mimi niliiona mwezi wa saba."

Mpira mpya wa jointi umeagizwa. Nimemwachia mzee namba yangu ya simu.